Vidokezo 14 vya Kufunga Ekzosi Mpya ya Pikipiki Ikae Sawa

Ekzosi ya pikipiki haifi kwa siku moja. Huanza na kutu chini ya silensa, kutu ikawa tundu, tundu likaleta mlio wa bati, na mwishowe mtaa mzima unajua saa uliyorudi nyumbani. Hapo wengi hununua ekzosi ya soko, isiyotoka kiwanda kilichotengeneza pikipiki. Hakuna ubaya. Ekzosi ya namna hiyo ikifungwa vizuri hudumu na hufanya kazi yake.

Kinachoziharibu nyingi ni kufungwa kwa nguvu. Bomba halijakaa sawa, bolti inatumika kulivuta mpaka matundu yakutane, mteja analipa na kuondoka, kisha baada ya muda braketi inapasuka au nati za kwenye injini zinalegea na moshi unaanza kuvuja. Vidokezo hivi ni vyako wewe mwenye pikipiki ya silinda moja, iwe Boxer, TVS au Honda, unafunga mwenyewe au umesimama pembeni fundi akifanya kazi.

1. Nenda dukani na vipimo

"Nataka ekzosi ya Boxer" haitoshi, kwa sababu Boxer ziko za aina nyingi na za injini tofauti. Andika modeli kamili, ukubwa wa injini na mwaka. Piga picha tatu kwa simu: pale bomba linapoingia kwenye injini, pale silensa inaposhikwa na fremu, na ekzosi nzima kwa ubavu. Kisha chukua rula upime umbali kati ya stadi mbili za kwenye injini (zile bolti zisizo na kichwa), katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, pamoja na kipenyo cha bomba.

Iwe unanunua Gerezani kule Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi, ekzosi zilizoning'inizwa dukani hufanana sana kwa macho. Rula ndiyo itakayokuonyesha tofauti. Beba na sumaku ndogo ukiambiwa hiyo ni "stenlesi". Chuma cha kawaida hushika sumaku, na stenlesi ya daraja la 304 kwa kawaida haishiki. Zipo stenlesi nyingine zinazoshika, hasa zile za 409 zinazotumika sana kwenye ekzosi, kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi kumwita muuzaji mwongo. Itakusaidia tu kuuliza swali sahihi kabla ya kutoa pesa.

2. Ngoja injini ipoe kabisa

Bomba la mbele, lile linalotoka kwenye injini, huunguza ngozi mara moja, na hubaki na moto muda mrefu baada ya kuzima. Usianze kazi kwa sababu silensa imepoa. Gusa kwanza silinda hedi kwa tahadhari. Ikiwa bado ina joto, kanywe chai.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, mahali palipo tambarare na pagumu. Pikipiki iliyolala upande kwa stendi ndogo itakudanganya macho unapotaka kujua kama silensa imenyooka.

3. Zibembeleze nati za zamani

Nati mbili zinazoshika flanji, yaani kipande kinachobana bomba, kwenye silinda hedi ndizo zinazokaa kwenye moto mkali kuliko nyingine zote za ekzosi. Miaka ya joto na mvua huzifanya zishikane na stadi. Zipulizie dawa ya kulegeza kutu, kama WD-40, usiku wa kuamkia kazi na tena asubuhi. Safisha nyuzi za stadi zinazoonekana kwa brashi ya waya.

Tumia boksi spana au spana ya ringi inayokamata pembe zote sita za nati. Spana ya mdomo wazi huteleza na kulainisha pembe, na hapo kazi ya dakika kumi inakuwa ya siku nzima. Nati ikigoma, ikaze kidogo sana kwanza, kisha ilegeze, kisha ikaze tena. Mwendo huo wa mbele na nyuma huvunja kutu bila kuvunja stadi. Stadi ikikatikia ndani ya silinda hedi, usiichimbe kwa patasi. Silinda hedi ni ya aluminiamu, na nyuzi zake huharibika kirahisi. Mpelekee fundi mwenye vifaa vya kutoa stadi.

Legeza nati za injini kwanza, bolti ya nyuma ya silensa iwe ya mwisho, na mtu aishike silensa unapoitoa. Ekzosi ikining'inia kwa stadi peke yake inaweza kuzipinda.

4. Zilaze mbili sakafuni

Kabla ya kufunga chochote, laza ekzosi ya zamani na mpya sambamba kwenye sakafu. Angalia kona ya bomba la mbele, mahali braketi ilipochomelewa, na urefu kutoka flanji hadi tundu la braketi. Tofauti ya milimita mbili au tatu si tatizo. Tofauti ya kidole kizima ni sababu ya kuirudisha dukani ikiwa bado safi, na hakuna muuzaji atakayeipokea ikishakuwa na masizi.

Tazama pia ndani ya bomba, kwenye maungio yaliyochomelewa. Ukiona vidonge vya chuma vilivyodondokea ndani, viondoe kwa tupa na ukung'ute bomba vizuri.

5. Gasketi mpya, moja, bila ubishi

Kati ya bomba na silinda hedi kuna pete ya gasketi, mara nyingi ya shaba nyekundu au ya chuma kilichosokotwa. Kazi yake ni kubonyea mara moja na kujaza kila upenyo. Ikishabonyea imemaliza kazi, na ukiirudisha itavuja.

Kuitoa ya zamani kunahitaji macho. Miaka ya masizi huifanya ishikane na ukuta wa tundu la silinda hedi mpaka ionekane kama sehemu ya chuma chenyewe. Mulika kwa tochi, kwaruza taratibu kwa bisibisi ndogo pembezoni mwa tundu, na utauona mstari mwembamba unaotenganisha pete na aluminiamu. Inua upande mmoja kisha mwingine mpaka itoke. Wanaopandisha gasketi mpya juu ya ya zamani hupata flanji iliyosimama mbali, stadi zisizotosha na moshi unaovuja.

Gundi ya silikoni, hata ile nyekundu ya joto kali, mahali pake si hapa. Hizo kwa kawaida huvumilia nyuzi joto mia tatu na kidogo, na moshi unaotoka kwenye injini huweza kupita nyuzi 600. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Ndiyo maana gasketi ikatengenezwa kwa shaba.

6. Pandisha kila kitu kwa vidole

Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote. Weka gasketi kwenye tundu, na kama inadondoka, ishikishe kwa grisi kidogo sana. Grisi hiyo itaungua na kutoweka. Paka nyuzi za stadi grisi ya shaba ili siku nyingine nati zitoke bila vita. Sukuma bomba likae ndani, pandisha flanji, kisha funga nati mbili kwa vidole tu. Halafu ingiza bolti ya braketi ya nyuma, nayo kwa vidole. Kama ekzosi yako ni ya vipande viwili, klempu ya maungio iwe imelegea kabisa.

Sasa ekzosi nzima inapaswa kucheza kidogo ukiitikisa. Ikicheza, itapata mahali pake yenyewe. Ukikaza sehemu moja mapema, umeshaamua itakaa wapi kabla ya kuona kama inafaa kukaa hapo.

7. Bolti ni ya kushika, si ya kuvuta

Angalia tundu la braketi na tundu la fremu. Bolti iingie yenyewe, bila kuinua silensa kwa goti wala kuipiga kwa nyundo. Kama hayakutani, tafuta chanzo. Je, bomba limekaa wima kwenye gasketi, au limeegemea upande mmoja? Zungusha kidogo silensa kwenye maungio uone. Kama braketi iko mbali na fremu, jaza pengo kwa washa nene mpaka nafasi iishe. Kama tundu limepishana kwa milimita chache, lirefushe kwa tupa ya mviringo. Kama limepishana sana, braketi ikatwe na ichomelewe upya mahali pake, ekzosi ikiwa imetolewa kwenye pikipiki.

Sababu ni hii. Injini ya silinda moja hutikisika sana, na mtikiso huo hupita kwenye ekzosi kila sekunde pikipiki inapowaka. Chuma kilichovutwa kwa bolti tayari kimebeba mzigo kabla ya safari kuanza. Mtikiso ukiongezeka juu ya mzigo huo, chuma hupasuka pale kilipo dhaifu, mara nyingi pembeni mwa mshono wa kuchomelea. Ukichomelea ufa bila kunyoosha ekzosi, utapasuka tena.

8. Tazama kutoka pande tatu

Simama nyuma ya pikipiki, hatua tatu hivi, uchuchumae usawa wa tairi. Silensa iwe sambamba na tairi la nyuma, isielekee ndani wala kutanuka nje. Kisha tazama kutoka ubavuni uone kama pembe yake ya kupanda inafanana na picha uliyopiga mwanzo. Mwisho, tazama flanji kutoka mbele: pengo kati yake na silinda hedi liwe sawa kwenye stadi zote mbili. Tumia biti nyembamba ya drili au washa kama kipimo, ukipitishe pande zote mbili. Kikipita huku na kukwama kule, bomba limelala upande, na gasketi itabonyea nusu.

9. Hakikisha haigusi kitu

Pikipiki iliyosimama tupu haikuonyeshi hali ya barabarani. Ishushe kwenye stendi ya katikati, waketishe watu wawili juu yake na uwaombe warukeruke ili shokapu zibonyee. Chungulia nafasi kati ya silensa na tairi, na kati yake na mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Tuta la ghafla ukiwa na abiria na mzigo hubonyeza shokapu kuliko hapo, kwa hiyo acha nafasi ya kutosha.

Kisha kanyaga pedali ya breki mpaka mwisho. Piga kiki mzunguko mzima. Shusha na upandishe stendi zote. Hakikisha bolti ya kumwagia oili inafikika. Fuata waya na mipira yote iliyo karibu, na upate angalau upana wa vidole viwili kati ya bomba na chochote cha plastiki au mpira. Waya ulioyeyuka ukigusa bomba huleta shoti, na shoti karibu na petroli si jambo la kuchezea.

10. Kaza kwa mpangilio

Anza na nati za flanji. Kaza moja nusu mzunguko, hamia ya pili nusu mzunguko, rudi ya kwanza, mpaka zote zishike sawasawa. Ukimaliza moja kabisa ndipo uanze nyingine, flanji italala upande. Fuata na klempu ya maungio. Bolti ya braketi iwe ya mwisho, na kama ina bushi ya mpira, bushi ibaki. Inapunguza mtikiso unaofika kwenye fremu.

Nguvu kiasi gani? Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Kwa kawaida stadi ya milimita 8 huhitaji Nm 20 hivi, na ya milimita 6 karibu Nm 10. Kama huna spana ya kupimia, shika spana ya kawaida sentimita 15 kutoka kwenye nati: Nm 20 ni kama kubonyeza kwa uzito wa kilo 13 au 14, na Nm 10 ni nusu yake. Hiyo ni nguvu ya mkono, si ya mwili mzima. Usiongeze bomba refu kwenye mpini wa spana.

11. Futa, kisha washa nje

Futa ekzosi yote kwa kitambaa safi na spiriti. Mafuta ya vidole yakiungua kwenye stenlesi au kromu huacha alama za kahawia zisizotoka kirahisi.

Washia nje, kamwe usiwashie chumbani au kwenye banda lililofungwa. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Dakika chache za mwanzo utaona moshi mwepesi wa mafuta ya kiwandani yanayoungua. Huo huisha wenyewe.

12. Tafuta uvujaji mapema

Injini ikiwa bado baridi, pulizia maji ya sabuni kwenye flanji na maungio, kisha washa. Mapovu yatakuonyesha panapovuja. Njia nyingine ni kuziba mdomo wa silensa kwa kitambaa kinene kwa sekunde moja au mbili, mkono ukiwa na glavu: panapovuja patalia "tss". Baada ya siku chache za kazi, mstari mweusi wa masizi kwenye maungio ni ushahidi wa kutosha.

Uvujaji wa kwenye flanji haupigi kelele tu. Kati ya pumzi moja ya moshi na nyingine, bomba huvuta hewa ya nje kupitia ufa. Hewa hiyo ikikutana na petroli ambayo haikuungua, hulipuka ndani ya bomba, na ndiyo ile milio ya "pa! pa!" unapoachia mafuta kwenye mteremko. Kwenye pikipiki mpya zenye sensa ya oksijeni, hewa hiyo huidanganya kompyuta iamini mafuta ni machache, nayo huongeza. Mwenye bodaboda atauona uvujaji huo kwenye pesa ya petroli.

Injini ikishapoa baada ya safari ya kwanza, pitia nati zote tena. Gasketi mpya hubonyea zaidi ikipata moto, na nati hulegea kidogo. Rudia baada ya wiki moja ya kazi.

Kama ekzosi mpya inapitisha moshi kwa urahisi kuliko ya zamani, angalia pia plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Nyeupe kabisa ina maana mafuta hayatoshi na injini inachemka, hivyo kabureta inahitaji kurekebishwa. Usikubali mtu aitoboetoboe silensa ili "ipumue".

13. Linda mguu wa abiria

Ekzosi za soko nyingi huja bila kinga ya joto, au na kinga fupi kuliko ile ya mwanzo. Hamisha ya zamani kama inaingia, au nunua nyingine. Abiria wako ni mama mwenye mtoto mgongoni, mwanafunzi mwenye kaptura, dada mwenye gauni refu, na shavu la mguu wake linakaa sentimita chache tu kutoka kwenye bomba. Hakikisha kikanyagio chake hakikuzibwa na ekzosi mpya, na mwelekeze ashukie upande usio na bomba.

Akiungua, mwagilia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Lengelenge likiwa kubwa, au akiwa mtoto, mpeleke kituo cha afya.

14. Bakiza silensa, na itunze

Kipande cha ndani cha kupunguza sauti kiache mahali pake. Kukitoa hakuifanyi Boxer kuwa pikipiki ya mashindano. Kinachoongezeka kwa hakika ni kelele. Wataalamu wa afya kazini wameweka desibeli 85 kwa saa 8 kuwa kikomo cha usalama wa masikio, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hukatwa nusu. Dereva wa bodaboda hukaa na mlio huo kutwa nzima, kwa hiyo sikio la kwanza kuumia ni lake. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009 chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA, na Tanzania suala hilo liko chini ya baraza la mazingira, NEMC. Polisi wa barabarani nao wanasikia.

Utunzaji ni rahisi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, mengi yakitoka kama mvuke. Safari fupi haziipi silensa joto la kuyakausha, hivyo yanabaki chini na kula chuma kutoka ndani. Kitundu kidogo kilicho chini ya silensa kiliwekwa kuyatoa, usikizibe. Kila siku chache ipe pikipiki safari ndefu kidogo ipate moto. Ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja, osha ekzosi kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara, ikiwa imepoa.

Kazi hii yote huchukua saa mbili kwa asiye na haraka, na saa moja kati ya hizo ni ya kupanga kabla ya kukaza. Kama unampa fundi, mpe muda huo na umlipe kwa huo muda. Kabla hajashika spana, mwombe aingize bolti ya braketi kwa vidole mbele yako. Ikiingia, aendelee kukaza. Isipoingia, ekzosi bado haijakaa sawa, na wewe usilipe bado.